PDF si jina jingine la kitabu cha kielektroniki

Mtoto wa Eastlands anayetumwa dukani kununua Colgate huweza kurudi na dawa ya meno ya kampuni yoyote ile, na hakuna atakayemgombeza. Anayetumwa Kiwi huleta rangi yoyote ya viatu. Jina la bidhaa moja limemeza jina la jamii nzima ya bidhaa. Sisi wanaisimu tumelizoea jambo hili na wala halitukoseshi usingizi, kwa sababu mwisho wa yote meno yatapigwa mswaki na viatu vitang'aa. Lakini lipo jina moja ambalo limepanuka vivyo hivyo katika miaka ya karibuni, na upanuzi wake una gharama. Jina lenyewe ni PDF.

Wasikilize vijana wa vyuo wanapokutana Buruburu au wanaposhuka matatu pale Donholm. "Uko na PDF ya hiyo kitabu?" mmoja humwuliza mwenzake. (Sarufi yake tuiache kwa leo.) Haulizi kama mwenzake ana nakala ya kielektroniki. Mwandishi chipukizi naye, akishamaliza riwaya yake, husema, "Nitaitoa kwa PDF kwanza, nikipata pesa ndiyo nichapishe." Kwao PDF ni kitabu chochote kinachosomeka kwenye simu au tarakilishi. Ukweli ni kwamba PDF ni umbizo moja tu kati ya mengi. Na kwa kazi hii ambayo wengi wanaitwika, yaani kusoma kitabu kizima kwenye simu, mara nyingi si umbizo bora.

Nimesema umbizo. Neno hili, ambalo baadhi yetu hulitaja kama fomati, ni la ukoo mmoja na umbo na umbile. Ni namna faili ilivyopangwa ndani yake ili programu iweze kuifungua na kuisoma. Chukua unga mmoja wa mahindi: ukiusonga ni ugali, ukiukoroga kwa maji mengi ni uji. Unga ni ule ule, lakini hakuna anywaye ugali kwa kikombe. Riwaya moja nayo yaweza kuwekwa katika PDF, katika EPUB au katika faili ya Word, na maneno ya mwandishi yakawa yale yale, lakini msomaji akapata shibe tofauti kabisa.

Hebu tuanze na hiyo PDF yenyewe. Ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1993 kwa lengo moja mahususi: hati iliyotengenezwa kwenye tarakilishi moja ionekane vile vile kwenye tarakilishi nyingine yoyote na kwenye karatasi itakayotoka kwa mashine ya kupigia chapa. Mwaka wa 2008 ilifanywa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, kwa hivyo haimilikiwi tena na kampuni moja. Kwa lengo lake hilo, PDF ni chombo hodari sana. Mwandishi akimpelekea mpiga chapa PDF, ana hakika kwamba kila mstari utakaa pale pale alipouacha, kila picha mahali pake, kila nambari ya ukurasa chini yake. PDF ni picha ya karatasi. Sifa yake kuu ni kwamba haibadiliki.

Kasoro yake kuu ni hiyo hiyo. Tupige hesabu kidogo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha simu nyingi za kawaida kina upana wa takriban milimita 70. Ukifungua ukurasa wa A4 kwenye simu hiyo, ukurasa wote hupunguzwa hadi thuluthi moja ya ukubwa wake ili uenee kiooni. Maandishi yaliyopigwa kwa ukubwa wa pointi 12 huwa sasa ni ya pointi 4. Gazeti unalolisoma halithubutu kukupa maandishi madogo kiasi hicho. Hata kitabu cha A5, chenye upana wa milimita 148, hupunguzwa kwa zaidi ya nusu. Basi msomaji hufanya nini? Huvuta kurasa kwa vidole viwili ili kuzikuza, kisha huusukuma kila mstari kushoto na kulia hadi mwisho wake. Aliye na umri kama wangu hufanya hivyo mara chache tu, kisha huiweka simu kando na kuuliza kama kuna nakala ya karatasi.

EPUB ilibuniwa kutatua tatizo hilo. Jumuiya ya kimataifa ya wachapishaji wa kidijitali iliyoitwa International Digital Publishing Forum iliidhinisha umbizo hili mwaka wa 2007, likachukua nafasi ya umbizo la awali la 1999 lililojulikana kama Open eBook. Toleo la tatu la EPUB lilifuata mwaka wa 2011. Mwaka wa 2017 jumuiya hiyo ilijiunga na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti duniani, na mwaka wa 2023 W3C ikaidhinisha EPUB 3.3. Nataja historia hii kwa sababu mwandishi anayehofia kwamba EPUB ni kitu cha kupita anapaswa kujua inasimamiwa na nani.

Ukiichungulia ndani, EPUB ni kifurushi. Ni faili ya ZIP yenye kurasa zilizoandikwa kwa lugha ile ile inayotumiwa kutengeneza kurasa za wavuti, pamoja na picha, orodha ya sura, na taarifa kuhusu kitabu: jina, mwandishi, lugha. Hakuna ukurasa uliofungwa humo. Maandishi hutiririka na kujaa chombo yalimomiminwa. Simu ikiwa ndogo, mistari inakuwa mifupi; ukiongeza ukubwa wa herufi, maneno yanajipanga upya; ukitaka maandishi meupe kwenye mandhari meusi kwa sababu umeme umekatika na unasomea kitandani, unabonyeza mara moja tu. Anayechagua sura ya ukurasa ni msomaji, wala si mpiga chapa.

Kuna ukoo wa tatu ambao msomaji atakutana nao, nao ni ule wa Kindle. Kampuni ya Kifaransa ya Mobipocket, iliyoanzishwa mwaka wa 2000, ndiyo iliyoleta umbizo la MOBI. Amazon iliinunua mwaka wa 2005, kisha mwaka wa 2007 ikazindua kifaa chake cha Kindle kilichotumia maumbizo yaliyozaliwa na MOBI. Leo MOBI ni mzee aliyestaafu. Tangu mwaka wa 2022 hata huduma ya Amazon ya kutuma vitabu kwenye Kindle hupokea EPUB. Mwandishi anayeanza safari leo hana sababu ya kutengeneza MOBI.

Kuna pia suala la mfuko. Katika mitaa yetu bando la intaneti hununuliwa kwa siku, wakati mwingine kwa saa. Riwaya ya maneno 50,000 ya Kiswahili ina herufi zipatazo 350,000 pamoja na nafasi zilizo katikati ya maneno. Kila herufi ya Kiswahili huchukua baiti moja, kwa hivyo maandishi yote ni kama kilobaiti 350, nayo EPUB huyabana yakawa madogo zaidi. Riwaya hiyo hiyo ikiskaniwa, yaani kila ukurasa ukapigwa picha na picha zikaunganishwa kuwa PDF, inaweza kufika makumi ya megabaiti. Kijana wa Kayole anayepakua faili ya namna hiyo analipia picha za karatasi.

Hadi hapa nimezungumza kama fundi wa simu. Sasa niruhusu niingie uwanja wangu, kwa sababu uchaguzi wa umbizo una athari kwa lugha yenyewe, na hili ndilo jambo ambalo wachapishaji wetu hawalizungumzi sana.

Chukua herufi f na i. Katika fonti nyingi za vitabu, herufi hizi mbili zikifuatana huunganishwa kuwa alama moja ili zipendeze machoni. Kwenye karatasi hakuna neno. Lakini PDF isiyotengenezwa kwa uangalifu hukosa maelezo ya kuiambia programu kwamba alama hiyo ni herufi mbili. Msomaji akinakili aya au akitafuta neno, alama hiyo hutoweka. "Safiri" hubaki "sari". "Fika" hubaki "ka". Na "kufikiri", ndugu msomaji, hugeuka kuwa "kukiri". Fikiria mwanafunzi anayenukuu sentensi kutoka faili kama hiyo bila kuisoma tena! Mwandishi amesema mshukiwa alianza kufikiri. Mwanafunzi anaandika kwamba mshukiwa alianza kukiri.

Tazama tena king'ong'o chetu, ng'. Alama hiyo ya ritifaa si pambo. "Ng'oa" ni kutoa kitu kilichoshika, kama jino au kisiki; "ngoa" ni wivu au tamaa. Katika ulimwengu wa tarakilishi kuna alama kadhaa zinazofanana na ritifaa: ile iliyonyooka, ile iliyopinda, na nyinginezo. Word hupenda kuipinda, ilhali kibodi ya simu kwa kawaida hutoa iliyonyooka. Matokeo yake ni kwamba msomaji hutafuta "ng'ombe" katika kitabu kilichojaa ng'ombe, na baadhi ya programu humjibu kwamba hakuna hata mmoja. Tatizo hili laweza kutokea katika umbizo lolote. Tofauti ni kwamba katika EPUB mhariri anaweza kulirekebisha kitabu kizima kwa amri moja, lakini katika picha iliyoskaniwa hakuna cha kurekebisha, kwa maana hakuna herufi humo.

Kwa ndugu zetu wanaoandika Kikuyu au Kikamba jambo hili ni zito zaidi. Herufi ĩ na ũ hapo zamani ziliandikwa kwa fonti za kienyeji zilizobuniwa ofisini, na faili ikihamishiwa tarakilishi nyingine herufi hizo hugeuka kuwa alama za ajabu ajabu. EPUB inadai maandishi yafuate Unicode, kiwango ambacho kila herufi ina nambari yake moja inayotambuliwa dunia nzima. Mwaka wa 2016 kundi la waandishi la Jalada, lenye mizizi yake hapa Nairobi, lilichapisha mtandaoni hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kikuyu pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30. Kazi kama hiyo haiwezekani bila ya herufi za kila lugha kutambulikana kote.

Halafu kuna utambulisho wa lugha. Ndani ya kila EPUB kuna mahali pa kutaja lugha ya kitabu, na Kiswahili kina msimbo wake wa kimataifa: sw. Ni herufi mbili tu, lakini programu nyingi za kutengeneza vitabu huja zikiwa zimejaza Kiingereza, na mwandishi asiyejua hukiacha hivyo hivyo. Kitabu cha Kiswahili kikijitambulisha kuwa cha Kiingereza, mambo mawili hutokea. Kwanza, programu ikihitaji kukata neno mwishoni mwa mstari huweza kulikata kwa kanuni za Kiingereza. Silabi zetu aghalabu huishia kwa irabu: wa-na-fu-nzi. Unaweza kukuta "wanaf-" juu na "unzi" chini. Kwa lugha yenye vitenzi virefu kama "hawatatusaidia", na kwenye kioo chembamba cha simu, ukataji huo hukutana na msomaji karibu kila ukurasa.

Jambo la pili ndilo zito. Msomaji asiyeona hutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti. Programu hiyo hutazama lugha iliyotajwa ndani ya faili ili ichague sauti. Ikiambiwa Kiingereza, itasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na hicho kitakachotoka hakieleweki si kwa Mswahili si kwa Mwingereza. Sauti ya Kiswahili ipo. Simu nyingi za Android zinaweza kupakua sauti ya Kiswahili bila malipo, na NVDA, programu ya bure ya tarakilishi inayotumiwa sana na wasioona, ina sauti ya Kiswahili kupitia eSpeak NG. Kinachokosekana ni herufi mbili ndani ya faili. Na ikiwa faili yenyewe ni PDF iliyoskaniwa, hata herufi hizo hazisaidii, kwa sababu hakuna maandishi ya kusomwa.

Hapa hatuzungumzii hisani. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka wa 2013, unaruhusu vitabu kutengenezwa katika maumbizo yanayowafikia watu wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, na Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka wa 2017. Kuna waliokwisha kuonyesha kwamba hili linawezekana. Kampuni ya eKitabu ya hapa Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 2012, imejenga kazi yake ya vitabu vya shule juu ya EPUB, na katika baadhi ya vitabu hivyo imetia video za Lugha ya Ishara ya Kenya ili mtoto asiyesikia aone hadithi ikisimuliwa kwa mikono. Mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka wa 2014, huwaachia walimu na wazazi hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni huria. Kwa hivyo anayesema kwamba teknolojia hii ni ya Wazungu hajatazama nje ya dirisha lake.

Na ushairi je? Hapa mashabiki wa PDF wana hoja, na ninaipa uzito wake. Mshororo wa tarbia ya kawaida una mizani 16, mizani 8 katika ukwapi na mizani 8 katika utao. Macho ya msomaji yamezoea kuviona vipande hivyo viwili vikitazamana, vina vikiwa vimepangana kama nguzo. Ukiutia ushairi huo katika EPUB bila kufikiri, simu itaukata mshororo popote nafasi inapoishia, pengine mizani 3 ndani ya utao, na kina cha mwisho kitaning'inia peke yake kama kinda lililoachwa na mama yake. Ni kweli. Lakini dawa ipo. Mtengenezaji anaweza kuamuru kwamba mshororo ukishindwa kuenea ukatwe pale tu ukwapi unapoishia, na utao uanze mstari wa pili ukiwa umeingia ndani kidogo. Vina havipotei, vinabadilisha tu mahali pa kusimama.

Wala si mara ya kwanza kwa ushairi wetu kubadilisha makao. Wanakili wa hati za kale za tenzi, walioandika kwa herufi za Kiarabu, aghalabu waliweka vipande vinne vya ubeti katika mstari mmoja. Walipokuja wachapishaji wa hati za Kirumi, kila kipande kikapewa mstari wake, na leo mwanafunzi wa sekondari anadhani hivyo ndivyo utenzi ulivyozaliwa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka wa 1728, umepita katika makao yote mawili na bado ni utendi ule ule.

Sasa tuwe waadilifu: kwa nini PDF bado inatawala? Sababu ziko wazi. Kwanza, karibu kila simu huifungua bila kutafuta programu nyingine. Ukimtumia mtu EPUB kwa WhatsApp, huenda akakujibu, "Prof, hii kitu haifunguki." Jibu ni kwamba anahitaji programu ya kusomea, kama vile ReadEra au Google Play Books, ambazo hazilipiwi, lakini mtu aliyechoka kutoka kazini hataki masomo ya tarakilishi, anataka kusoma. Pili, PDF ndiyo faili ambayo mchapishaji tayari anayo, ile aliyompelekea mpiga chapa. Tatu, msomi anahitaji nambari ya ukurasa ili anukuu, na maandishi yanayotiririka hayana kurasa za kudumu. Hili la tatu lina tiba, maana EPUB inaweza kubeba ndani yake alama za kurasa za toleo la karatasi, ila ni lazima mtengenezaji azitie.

Kuna sababu ya nne inayonong'onwa: wizi. Wachapishaji huogopa kwamba EPUB itasambazwa ovyo. Ninawaelewa, kwa kuwa jasho la mwandishi ni jasho. Ila tazama kinachozunguka katika vikundi vya WhatsApp vya wanafunzi. Ni PDF, na nyingi ni za kupigwa picha kutoka vitabu vya karatasi. Mwizi hakungoja EPUB. Anayekosa nakala nzuri na halali ni yule msomaji mwaminifu aliyekuwa tayari kutuma pesa kwa M-Pesa. Na kufuli nazo zina hatari zake. Mwaka wa 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka Kindle za wateja waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki. Mwaka wa 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja wakarudishiwa pesa, lakini vitabu vyao havikufunguka tena. Kitabu cha karatasi ulichonunua pale mjini hakuna anayeweza kuja kukichomoa rafuni mwako usiku.

Basi mwandishi wa Umoja mwenye muswada wake afanye nini? Ushauri wangu ni huu. Aandike muswada katika Word au LibreOffice akitumia mitindo ya vichwa vya sura iliyomo katika programu hizo, badala ya kukoza tu herufi kwa mkono. Mitindo hiyo ndiyo itakayogeuka kuwa orodha ya sura. Kutoka hapo atengeneze faili mbili. Ya kwanza ni PDF, kwa ajili ya mpiga chapa na kwa wale wanaotaka kuipeleka saiba iwatolewe kwenye karatasi. Ya pili ni EPUB, kwa ajili ya kusomwa kwenye simu. LibreOffice hutoa EPUB tangu toleo la mwaka 2018, na Google Docs pia hutoa. Sigil humwezesha kurekebisha yaliyomo ndani, na EPUBCheck humwonyesha makosa. Zote hizi ni za bure. Kila umbizo litakalouzwa peke yake lipewe ISBN yake, na hapa Kenya nambari hizo hutolewa na Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa.

Kabla ya kuuza, afanye jaribio la dakika tano. Aazime simu ya bei nafuu kabisa iliyopo nyumbani, si ile yake nzuri. Aifungue EPUB, aongeze ukubwa wa herufi hadi mwisho na aone kama mistari inajipanga. Atafute "ng'ombe" au "ng'ambo". Anakili aya yenye "kufikiri" aone kama imekuwa "kukiri". Awashe sauti asikilize kama kitabu kinazungumza Kiswahili. Kikifaulu hapo, kimefaulu.

Wasimamizi wa maktaba nao wana nafasi yao. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan, zimefanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk lililoanzishwa mwaka wa 2017, na zinatumiwa na watoto wa mitaa hii. Maktaba kama hizi zikinunua au kupokea vitabu vya kielektroniki, ziulize swali moja kabla ya bei: je, kuna EPUB? Mchapishaji akiulizwa swali hilo na maktaba tatu katika mwezi mmoja, wa nne hatahitaji kuuliza.

Nimalizie na jambo linalonihusu kama mwalimu wa lugha. Zana zote tunazozililia, yaani vikagua-tahajia, mashine za kutafsiri, na injini za kutafuta zinazoelewa Kiswahili, hulishwa maandishi. Hazili picha. Kitabu kilichofungiwa katika PDF ya kuskaniwa hakionekani kwazo, hata kiwe na Kiswahili kitamu namna gani. Tunalalamika kwamba Kiswahili cha mitambo ni kibovu, na wakati huo huo tunawanyima watengenezaji wake Kiswahili chetu kizuri kwa kukiweka mahali pasipofikika. Wakipatana na waandishi kwa haki na malipo, maandishi safi yawe tayari. Mpiga chapa atahitaji PDF, na apewe PDF. Msomaji wa Kayole, asiyeona wa Thika, na mtafiti wa miaka 50 ijayo wanahitaji maandishi yaliyo hai. Hao nao wapewe haki yao.